Habari za Sir James Douglas, Aliyechukua Moyo wa Mfalme

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia jina la Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, kwa ajili ya hadithi ya mfalme yule na buibui. Lakini ni wachache waliosikia habari za mtu aliyekuwa mkono wake wa kuume kwa muda wa miaka 23, akala naye njaa msituni, akashinda naye vitani, na mwisho akauchukua moyo wake ng'ambo ya bahari. Mtu huyo ni Sir James Douglas.

Mtu huyu ana majina mawili. Waskoti, watu wa kwao, walimwita James Mwema. Waingereza walimwita Douglas Mweusi, na yasemekana kwamba akina mama wa kaskazini ya Uingereza waliwatisha watoto wao kwa jina hilo walipokataa kulala. Msomaji asidhani kuwa alikuwa na ngozi nyeusi kama yetu. Alikuwa Mzungu kama wenzake. Weusi ule ulikuwa wa nywele zake, na zaidi ulikuwa wa hofu ya adui zake. Basi nataka tuyatazame maisha yake tangu mwanzo hata mwisho, ili kila mmoja apime mwenyewe ni jina lipi lililomstahili.

Nchi na Wakati Wake

Kisiwa cha Britania kina nchi tatu: Uingereza upande wa kusini, Wales upande wa magharibi, na Uskoti upande wa kaskazini. Siku hizo za kale Uskoti ilikuwa na mfalme wake, na Uingereza ilikuwa na wake. Mwaka 1286 Mfalme Alexander wa Tatu wa Uskoti alianguka usiku na farasi wake karibu na Kinghorn, akafa. Hakuacha mtoto aliye hai, ila mjukuu mmoja wa kike aliyekuwa Norway, naye huyo akafa mwaka 1290 kabla ya kutawazwa. Ndipo wakaondoka watu zaidi ya kumi, kila mmoja akidai kiti cha enzi.

Wakuu wa Uskoti, kwa kuogopa vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakamwomba Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, awe mwamuzi wao. Edward alikuwa mtu hodari na mjuzi wa sheria, lakini alikuwa na tamaa. Mwaka 1292 alimchagua John Balliol, kisha akamtendea kama mtumishi wake. Balliol alipojaribu kukataa, Edward akaja na jeshi mwaka 1296, akauteka mji wa Berwick na kuua watu wengi sana, akamvua Balliol ufalme, akaweka askari wake katika kila ngome. Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu alipokaribishwa kuamua shauri, mwenyeji hakupona, bali alinyang'anywa nyumba.

Mwana Aliyenyimwa Urithi

James alizaliwa karibu na mwaka ule ule wa 1286. Baba yake alikuwa Sir William Douglas, bwana wa bonde la Douglas katika wilaya ya Lanark, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa ngome ya Berwick wakati mji ulipotekwa. Mwaka 1297 Sir William alijiunga na William Wallace, shujaa wa Waskoti, kuwapinga Waingereza. Muda si muda alikamatwa, akapelekwa London, akatiwa katika gereza la Mnara, akafa humo kifungoni yapata mwaka 1298. Nchi yake ya bonde la Douglas Mfalme Edward akampa Mwingereza mmoja jina lake Robert Clifford.

Kijana James alikuwa amepelekwa Paris kusoma. Alipopata habari ya kifo cha baba yake alirudi kwao, akakuta hana nyumba wala shamba. Akapokewa na William Lamberton, Askofu wa St Andrews, akawa kijana wake wa kumtumikia, na kazi yake ilikuwa kumkatia nyama mezani. Yeye aliyezaliwa kuwa bwana alisimama nyuma ya kiti cha mtu mwingine.

Mengi tunayoyajua juu ya James tunayapata kwa John Barbour, padre mkubwa wa Aberdeen, aliyetunga utenzi mrefu wa habari za Bruce yapata mwaka 1375. Barbour asimulia ya kuwa mwaka 1304, Edward alipokuwa akiizingira ngome ya Stirling, Askofu Lamberton alimchukua James mbele yake, akamwombea arudishiwe nchi ya baba yake, naye awe mtu wa mfalme kwa uaminifu. Edward akauliza kijana huyu ni mwana wa nani. Aliposikia jina la Douglas alikasirika, akasema baba yake alikuwa adui, na nchi ile imekwisha pata mwenyewe. Askofu hakuthubutu kusema neno tena. James akaondoka mikono mitupu.

Yafaa tulitie jambo hili moyoni kabla ya kuendelea. Kijana yule alikuja kwa amani na kuomba haki yake kwa njia ya adabu, akifuatana na mtu wa Kanisa. Kama Edward angalimrudishia bonde lile dogo, labda angalipata mtumishi mwaminifu. Alimfukuza, akajitengenezea adui aliyewasumbua yeye, na mwanawe, na mjukuu wake.

Miaka ya Njaa

Mwezi wa Februari mwaka 1306 Robert Bruce, mjukuu wa mmoja wa wale waliodai ufalme, alikutana na mshindani wake John Comyn katika kanisa la watawa wa Dumfries. Wakagombana, na Bruce akamchoma kisu mbele ya madhabahu. Lilikuwa tendo baya, na kwa ajili yake Baba Mtakatifu alimtenga na Kanisa. Bruce akaona hapana njia ya kurudi nyuma. Akaenda Scone, mahali pa kutawazia wafalme wa Uskoti, akatawazwa tarehe 25 Machi.

James aliposikia habari hizi aliondoka kwa Askofu juu ya farasi wa Askofu mwenyewe. Barbour asema Askofu alijua na kumpa ruhusa kwa siri, ila alitaka ionekane kana kwamba farasi ameibwa. James akamkuta Bruce njiani, akashuka, akapiga magoti, akamwita mfalme wake. Tangu siku ile hawakuachana mpaka kufa.

Lakini mwanzo ulikuwa mchungu. Mwezi wa Juni Waingereza walimshinda Bruce huko Methven, na baadaye jamaa za Comyn wakamshinda tena milimani. Ndugu zake watatu walishikwa na kuuawa kabla mwaka mmoja haujaisha. Dada yake, Mary, alitiwa ndani ya tundu katika ngome ya Roxburgh kama ndege. Mfalme na watu wake waliobaki walitanga maporini, wakila nyama ya mwitu na samaki, na James alikuwa hodari wa kuwinda na kuvua, hata wanawake waliofuatana nao wakashukuru mno kwa bidii yake. Walipofika ziwa la Lomond, na adui wako nyuma, ni James aliyegundua mtumbwi mdogo uliozama karibu na pwani. Wakautoa maji. Uliweza kuchukua watu watatu tu kwa safari moja; wakavuka hivyo, watatu watatu, usiku mzima na mchana, na wengine wakaogelea na mizigo migongoni.

Ghala ya Douglas

Mwaka 1307 Bruce alirudi bara kutoka visiwani, na James akaomba ruhusa kwenda kuitazama nchi yake. Alifika kwa siri katika bonde la Douglas. Mzee mmoja, Thomas Dickson, aliyekuwa mtumishi wa baba yake, alimtambua, akalia machozi, akamficha nyumbani mwake. Usiku baada ya usiku akawaleta mmoja mmoja watu waliokuwa waaminifu kwa ukoo ule, wakala kiapo.

Ilipofika Jumapili ya Mitende, askari Waingereza wa ngome ya Douglas walishuka kwenda kanisani kwa Mtakatifu Bride. James na watu wake walikuwa wamevaa nguo za wakulima, silaha zimefichwa chini ya majoho. Mara sauti ikalia, "Douglas! Douglas!" nao wakawaangukia askari wale kanisani mle. Waliosalia walifungwa. James akaenda ngomeni, akamkuta bawabu na mpishi tu, na chakula cha sikukuu kimeandaliwa mezani. Wakaketi, wakala.

Yaliyofuata ni mazito kuyaandika. Baada ya kuchukua walivyoweza kuchukua, walimwaga unga, kimea na mvinyo sakafuni mwa ghala, wakawakata wafungwa vichwa juu ya chakula kile, hata damu, unga na mvinyo vikachanganyika. Wakatia chumvi na mizoga ya farasi kisimani. Kisha James akaitia moto ngome, yaani nyumba ile ile aliyozaliwa kuirithi. Watu wa nchi waliita jambo hilo Ghala ya Douglas, na jina halijasahauliwa hata leo.

Kwa nini mtu aichome nyumba ya baba yake? James aliona kwamba ngome ni mtego. Waskoti walikuwa wachache, na kila ngome waliyojifungia ingeweza kuzingirwa na jeshi kubwa mpaka wafe kwa njaa. Lakini ngome ikiwa mikononi mwa Mwingereza, inamtawala kila mkulima aliye karibu. Basi heri isiwe ya mtu yeyote. Yeye aliona ni bora kulala msituni na kusikia ndege kuliko kulala darini na kusubiri kuzingirwa. Robert Bruce aliifuata shauri hiyo nchi nzima. Ngome nyingi walizoziteka walizibomoa. Hiyo ndiyo sababu ya kuichoma. Lakini kuwaua wafungwa, tena siku ile watu walipochukua mitende kumkumbuka Bwana akiingia Yerusalemu, hakuna hesabu ya vita inayoweza kulisafisha.

Ng'ombe wa Roxburgh

Mfalme Edward wa Kwanza alikufa mwezi wa Julai mwaka 1307, akiwa njiani kuja Uskoti tena. Mwanawe Edward wa Pili hakuwa na nguvu za baba yake, na mwaka baada ya mwaka ngome zilianguka.

Ngome ya Roxburgh ilikuwa na nguvu sana. Mwezi wa Februari mwaka 1314, usiku wa kuamkia Kwaresima, askari wa ngome walikuwa wakicheza na kunywa. Mtu mmoja fundi, Sim wa Ledows, alikuwa amemtengenezea James ngazi za kamba zenye kulabu za chuma za kushika ukuta. James na watu wake wakajifunika majoho meusi, wakatambaa kwa mikono na magoti gizani. Walinzi wawili wakaviona vivuli vile, wakadhani ni ng'ombe wa mkulima wa jirani, aliyeenda kustarehe akaacha mifugo nje. Wakacheka, wakasema Douglas atamchukulia ng'ombe wake. Hawakujua ya kuwa ng'ombe wale ndio Douglas mwenyewe. Sim alitangulia kupanda, akamuua mlinzi aliyemwona, na wengine wakafuata.

Mkuu wa ngome alijifungia mnarani hata kesho yake, akajeruhiwa vibaya usoni kwa mshale, akaomba kusalimu amri kwa sharti aende kwao na watu wake. James akakubali, akawasindikiza salama mpaka nchi yao. Twaona basi ya kuwa baada ya miaka saba hakuwa yule yule wa Ghala ya Douglas. Aliweza kushinda bila kuchinja, na neno alilolitoa kwa adui alilishika.

Bannockburn

Mwaka ule ule, tarehe 23 na 24 Juni, majeshi mawili yalikutana karibu na kijito cha Bannock, chini ya Stirling. Jeshi la Edward wa Pili lilikuwa kubwa kupita la Bruce. Katika vita hivi namtajia msomaji jambo moja tu la James, maana laonyesha tabia yake kuliko mapigo ya upanga.

Siku ya kwanza Thomas Randolph, Earl wa Moray, mpwa wa mfalme, alizingirwa na wapanda farasi wengi wa Kiingereza. Mmoja wa wakuu wao alikuwa Robert Clifford, yule yule aliyepewa nchi ya Douglas. Watu wa Randolph walikuwa kwa miguu, wamesimama duara na mikuki mirefu kama nungunungu. James akamwomba mfalme ruhusa kwenda kumwokoa. Mfalme alikataa kwanza, kisha akamruhusu. James alipokaribia aliona Waingereza wameanza kulegea. Mara akawasimamisha watu wake, akasema Randolph ameshinda kwa jasho lake, na akienda sasa atamwibia sifa. Akasimama kutazama tu.

Watu hawa wawili walikuwa wakishindana kwa sifa miaka yote. Mmoja akiteka ngome, wa pili alitaka kuteka nyingine. Mwezi mmoja baada ya Roxburgh, Randolph aliiteka Edinburgh kwa kupanda jabali usiku. Fahali wawili hawakai zizi moja, nasi tumeona vyama na hata makanisa yakivunjika kwa sababu ya wakubwa wawili wasiopendana. Lakini Douglas na Randolph walikaa zizi moja maisha yao yote, kwa kuwa kila mmoja alikuwa radhi mwenzake asifiwe.

Siku ya pili Waskoti walishinda kabisa. Clifford aliuawa. Edward wa Pili akakimbia, na James akamfuata na wapanda farasi kama 60 tu, asimpe nafasi hata ya kupumzika, mpaka mfalme yule akaingia ngome ya Dunbar na kutoroka kwa chombo baharini. Kwa kubadilishana na bwana mkubwa mmoja wa Kiingereza aliyetekwa, Bruce alirudishiwa mkewe, binti yake na dada yake Mary.

Wapiganapo Tembo

Waskoti walishinda, lakini Uingereza haikukubali kwamba Bruce ni mfalme. Kwa hiyo kwa miaka mingi James na Randolph waliwaongoza watu kuvuka mpaka, wakachoma vijiji vya kaskazini ya Uingereza, wakachukua ng'ombe, na kuwatoza watu fedha ili wasichomewe. Watu wa Durham walilipa mara nyingi. Miaka ya 1315 hata 1317 mvua ziliharibu mavuno katika Ulaya ya kaskazini, ikawa njaa kuu. Na juu ya njaa ile wakulima wa mpakani waliona moshi wa Douglas. Mwaka 1319 Askofu Mkuu wa York alikusanya mapadre, watawa na wakulima kumzuia huko Myton. Hawakujua vita, wengi waliuawa na wengine walizama mtoni. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Wale hawakumnyang'anya James shamba lake. Lakini walilipa deni la mfalme wao. Tukiuliza kwa nini waliomwita Mweusi walimwita hivyo, jibu liko hapa.

Mwaka 1320 mabwana wa Uskoti walimpelekea Baba Mtakatifu barua kutoka Arbroath, kueleza ya kwamba nchi yao ni huru. Jina la James, bwana wa Douglas, limo miongoni mwao.

Vita ya mwisho ilikuwa mwaka 1327. Edward wa Tatu, mfalme mpya wa Uingereza, alikuwa kijana wa miaka 14. Akaja na jeshi kubwa mpaka bonde la mto Wear. Mtu mmoja kutoka bara la Ulaya, Jean le Bel, alikuwa katika jeshi lile, akaandika aliyoyaona. Asema Waskoti hawakuchukua magari ya vyakula. Kila mpanda farasi alikuwa na bamba la chuma na mfuko mdogo wa unga wa nafaka iitwayo oti. Akisikia njaa aliweka bamba motoni, akakanda unga kwa maji, akaoka mkate mwembamba, akaendelea na safari. Waingereza wenye mizigo mingi hawakuweza kuwafikia.

Usiku mmoja James aliingia na watu kama 200 katikati ya kambi ya Waingereza, akafika hata hema ya mfalme, akakata kamba zake, kisha akatoka. Lakini hatari ilikuwa kubwa, maana jeshi la Uingereza lilikuwa limewafungia njia. Randolph akataka wapigane. Hapo, asema Barbour, James alimtolea hadithi. Mbweha aliingia kibanda cha mvuvi usiku, akawa anakula samaki. Mvuvi akarudi, akasimama mlangoni na upanga. Mbweha alipoona hana pa kutokea, aliliona joho la mvuvi kitandani, akalivuta motoni. Mvuvi akakimbilia kuliokoa joho, na mbweha akapita mlangoni. James akasema, sisi ndio mbweha, nao ndio mvuvi. Tuna njia nyingine. Usiku ule waliacha mioto ikiwaka kambini, wakapita matopeni kimya kimya. Asubuhi Waingereza walikuta kambi tupu, na mfalme kijana akalia kwa uchungu.

Mwaka uliofuata, 1328, amani ilifanywa Edinburgh na kuthibitishwa Northampton. Uingereza ikakubali ya kuwa Robert Bruce ni mfalme na Uskoti ni nchi huru. Mwaka 1329 Edward wa Tatu akamrudishia James hata mashamba ambayo baba yake aliyamiliki ndani ya Uingereza. Yule kijana aliyefukuzwa mbele ya babu sasa alipewa haki yake na mjukuu, baada ya miaka 25 na damu isiyohesabika.

Ahadi ni Deni

Bruce hakuifurahia amani siku nyingi. Tarehe 7 Juni 1329 alikufa huko Cardross kwa ugonjwa wa muda mrefu. Kabla ya kufa aliwaita wakuu wake. Dhambi zake zilimlemea, na hasa damu iliyomwagika kwa ajili yake. Alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda kupigana na adui za Wakristo, kama watu wa siku zile walivyodhani kuwa ndiyo njia ya kulipa dhambi, lakini mwili umekataa. Basi akataka moyo wake utolewe na kuchukuliwa na mtu mmoja mwaminifu badala yake. Wakuu wote kwa shauri moja wakamchagua James.

Mwili wa mfalme ukazikwa Dunfermline, na moyo ukatiwa katika kisanduku cha fedha, James akauvaa shingoni. Mwaka 1330 akasafiri na mabwana na vijana wa ukoo bora. Akatua Sluys, katika Flanders, akakaa chomboni siku 12 akiwakaribisha wageni kwa heshima kana kwamba mfalme mwenyewe yuko hai. Halafu akaenda Hispania, kwa Alfonso wa Kumi na Moja, mfalme wa Castile, aliyekuwa akipigana na Waislamu wa Granada. Huko Seville shujaa mmoja mgeni, ambaye uso wake ulikuwa umejaa makovu, alishangaa kuona uso wa Douglas hauna kovu hata moja. James akamjibu kwa upole ya kuwa anamshukuru Mungu, kwa maana siku zote alikuwa na mikono ya kukilinda kichwa chake.

Mwezi wa Agosti Alfonso alikuwa akiizingira ngome ya Teba. Katika mapigano yale, wapanda farasi wa Granada walirudi nyuma, na James akawafuatia mbali na watu wachache. Walipogeuka, aliweza kujiokoa. Lakini alimwona mwenzake, Sir William Sinclair, amezungukwa. Akageuza farasi kwenda kumsaidia, akazungukwa yeye pia, na wote wawili wakauawa. Watu wa baadaye waliongeza kwamba aliutupa moyo wa mfalme mbele yake, akiuambia utangulie kama ulivyozoea. Barbour, aliye karibu zaidi na mambo hayo, hasemi hivyo. Mimi naona kugeuza farasi kunatosha.

Sir William Keith, ambaye mkono wake ulikuwa umevunjika asiweze kupigana siku ile, alileta nyumbani mifupa ya James na moyo wa mfalme. Mifupa ikazikwa katika kanisa la Mtakatifu Bride, katika bonde la Douglas. Moyo ukazikwa katika nyumba ya watawa ya Melrose. Mwaka 1819 kaburi la Dunfermline lilipofunguliwa, ilionekana mfupa wa kifua umekatwa kwa msumeno. Na mwaka 1996 wachimbaji walipata huko Melrose kisanduku cha risasi chenye moyo wa mtu. Kikazikwa tena kwa heshima mwaka 1998.

Jina Lipi Lamstahili?

Barbour asema James alikuwa na uso wa kijivujivu, nywele nyeusi, mabega mapana, na kitembe kidogo katika maneno yake. Mpole na mcheshi kati ya rafiki, ila vitani alikuwa mtu mwingine kabisa. Wema waliousifu Waskoti ulikuwa uaminifu. Tangu alipopiga magoti njiani mwaka 1306 mpaka alipogeuza farasi Teba, hakumwacha mfalme wala rafiki. Tena ahadi ya mwisho ilikuwa kwa mtu aliyekufa, na maiti hawezi kudai deni lake. Aliyelilipa alilipa kwa heshima peke yake.

Sisi wa Afrika ya Mashariki twaweza kulipima jambo hili vizuri, maana lilitendeka kwetu pia. David Livingstone, aliyezaliwa mwaka 1813 Blantyre, katika wilaya ile ile ya Lanark alikotoka Douglas, alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo. Wenzake Waafrika, Susi na Chuma pamoja na wengine, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakauchukua mwili mabegani maili zaidi ya 1,000 mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Hakuna aliyewalazimisha. Wangaliweza kumzika palepale wakaenda zao. Wao nao walilipa deni lisiloweza kudaiwa.

Hapo ndipo nionapo mpaka wa wema wa Douglas. Kuwa mwaminifu kwa watu wako ni wema, lakini ni nusu. Mjane wa Durham aliyechomewa nyumba yake hakupata faida yoyote kwa uaminifu wa Douglas kwa Bruce. Kwa hiyo nadhani majina yote mawili yalikuwa ya kweli, na kila mmoja aliyeyatoa aliijua sehemu yake. Na mfalme Edward wa Kwanza, aliyeona si kitu kumnyima kijana mmoja haki yake mwaka 1304, ana sehemu yake katika jina lile jeusi.

Aliye na madaraka, awe mfalme, mzee wa kijiji au mwalimu wa darasa, akijiwa na mtu asiye na nguvu anayeomba kilicho chake, na amsikilize vema kabla ya kumfukuza.